Sare si ya sare: neno linaloahidi usawa

Wajapani huandika nguo kwa herufi moja, 服, isomwayo fuku. Herufi hiyo hiyo imo katika neno lao la utiifu, na imo pia katika neno la kunywa dawa. Vazi la shule huliita seifuku, na sei ya mwanzo ni herufi ya kudhibiti. Ukilisoma neno hilo kipande kwa kipande, udhibiti unatangulia, kisha inafuata nguo iliyobeba utiifu ndani yake.

Kiswahili kilishika njia nyingine. Timu zikifungana bao 1-1 tunasema zimetoka sare. Wanawake wa Pwani wakienda harusini kwa leso za namna moja, husemwa wamevaa sare sare maua. Vazi la shule nalo tukaliita sare, na ahadi ikaingia humo: aliyelivaa ni sawa na mwenzake.

Sasa tega sikio Dandora, kama kwingineko Eastlands. Vijana wana sare mbili zaidi. Moja ni bure: "Leo kuna chapo ya sare." Nyingine ni kitenzi, kuacha: "Nimesare fegi", "Sare hiyo stori." Walimu wengi huzipiga mstari mwekundu, hiyo ni Sheng, basi.

Maneno yanaweza kufanana kwa sauti bila kuwa ndugu, na hoja yangu haitegemei nasaba yao. Mtoto wa Dandora huyasikia yote kwa sikio moja, na kwake yanagongana. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003. Karo ikaondoka, shati, sweta na viatu vikabaki juu ya mzazi, hata yule anayeokota plastiki kwenye jaa la Dandora ili auze kwa kilo. Kwa lugha ya mtaa, masomo ni ya sare, lakini sare si ya sare.

Mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa sweta, asionekane tena darasani, wenzake watasema, "Huyo alisare shule." Hapo ndipo mwalimu angeweka mstari mwekundu, kwa sababu ya maana wala si kwa sababu ya Sheng. Kitenzi hicho kinamfanya mtoto mtenda, kana kwamba aliketi akaamua. Ukweli ni kwamba alisareshwa.

Watetezi wa sare husema inaficha tofauti za tajiri na maskini. Kuna ukweli hapo. Hata hivyo, ndani ya rangi ile ile moja, darasa zima linajua sweta ya nani imetoka dukani juzi na ya nani ilirithiwa kwa kaka ikiwa na kiraka kiwikoni.

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuandika maana zote nne ubaoni, yaani usawa, vazi, bure na kuacha, kisha awaulize wanafunzi ni ipi wanayoiona shuleni kwao. Nao wakuu wa shule wanaoandika neno hilo kwenye barua za kufungua muhula walilipie: asiye na sweta akae darasani huku sweta ikitafutwa. Seifuku haikumwahidi mtu usawa, kwa hivyo haidaiwi. Sare iliahidi.