Namba ya Chembe

Mtu mwenye siliaki, ugonjwa ambao utumbo huharibiwa na gluteni, protini ya ngano, akiuliza ale kiasi gani, daktari humjibu kwa neno moja: usile. Mwenye kiwanda cha biskuti hawezi kulitumia jibu hilo. Vumbi la ngano husafiri. Mashine iliyosaga ngano asubuhi ikisaga mahindi mchana, sembe itatoka na ngano ndani yake, na hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuthibitisha sifuri. Lazima basi mtu akae chini aitafute namba.

Carlo Catassi na wenzake wa Italia walichapisha jaribio lao mwaka 2007. Watu wazima 49 wenye siliaki, walioacha ngano kwa miaka miwili au zaidi, walikubali kumeza kapsuli kila siku kwa siku 90. Baadhi ya kapsuli zilibeba miligramu 50 za gluteni, baadhi 10, na nyingine hazikuwa na gluteni kabisa. Mmezaji hakujua amepewa ipi, wala aliyempa. Chakula chao kingine kilichungwa kisiwaingizie hata miligramu 5 kwa siku, maana ni kazi bure kuhesabu matone huku bomba linavuja.

Wala hawakuishia kuuliza kama tumbo linauma. Kipande kidogo cha utumbo kilichukuliwa kabla na baada, kikawekwa chini ya hadubini, na urefu wa vijinyweleo vinavyofyonza chakula ukalinganishwa na kina cha vishimo vilivyo katikati yake. Kwa waliopewa miligramu 50, uwiano huo ulishuka kwa takriban asilimia 20. Kwa waliopewa 10 haukusogea sana. Ila mmoja wao aliugua tena akajitoa, na watafiti wakamwandika kwenye ripoti yao. Kwa sababu ya mtu huyo mmoja, hakuna anayeweza kusema kwamba 10 ni salama kwa wote.

Codex, tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, iliporekebisha kanuni yake mwaka 2008 iliweka miligramu 20 kwa kilo ya chakula kinachouzwa kama kisicho na gluteni. Hesabu yake inapendeza ukiifanya mwenyewe. Mkate uliofika kwenye kikomo kabisa, itabidi ule nusu kilo ndipo upate miligramu 10. Ili ufike 50, kilo mbili na nusu, kwa siku moja. Na mikate mingi iliyopimwa vizuri haifiki kwenye kikomo.

Mzio wa karanga una hesabu nyingine. Siliaki hujumlisha madhara siku hadi siku. Mzio huangalia tonge hili hili. Kwa hiyo wataalamu hutafuta dozi ambayo watu 5 kati ya 100 wenye mzio wataonyesha dalili inayoonekana kwa macho. Mwaka 2017 watafiti wa Ayalandi, Australia na Marekani walitangaza walivyoijaribu: watoto 378 wenye mzio wa karanga walipewa, mara moja tu, miligramu 1.5 za protini yake, kama sehemu ya mia ya punje moja. Wanane ndio waliopata dalili za wazi, nazo zilikuwa nyepesi. Nawaza wazazi waliokaa pembeni wakitazama.

Wataalamu wa FAO na WHO, mwaka 2021, waliweka miligramu 2 za protini kwa karanga, 1 kwa korosho na 200 kwa kamba. Hizo ni kwa mlo, si kwa kilo, na hapo ndipo ufundi ulipo: kwa karanga, anayekula biskuti za gramu 50 anahitaji kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, lakini kwa anayemaliza gramu 200 kwa mkupuo kikomo hicho kinashuka hadi 10. Asiyejua watu wanakula kiasi gani hawezi kuweka kikomo.

Kuna watakaouliza kwa nini wawili au watano kati ya mia waachwe nje. Swali ni la haki, na waliopanga namba hii hawakulikwepa: walipitia ukali wa dalili katika dozi hizo ndogo kabla ya kukubali 5 kati ya 100 badala ya 1. Mimi naiamini zaidi namba inayotaja bei yake kuliko lebo ya "huenda ina karanga", inayobandikwa hata pale ambapo hakuna aliyepima chochote. Wataalamu hao hao walipendekeza "huenda" iandikwe pale tu ambapo kiasi kinaweza kuvuka kikomo.