Chemko Huchakaa Kwanza

Santuri ya Western Jazz, bendi ya muziki wa dansi, niliyonayo mezani hapa Itigi, Tanzania, ina lebo iliyopauka, ila inasomeka. Ukiielekeza kwenye mwanga wa dirisha, utaona sehemu ya nje bado nyeusi tii, lakini karibu na lebo kuna utepe wa kijivu. Utepe huo ndio unaoamua thamani yake.

Wanaokusanya santuri za muziki wa panki kali wa Japani ya miaka ya 1980, za bendi kama GISM na Gauze za Tokyo au Confuse ya Fukuoka, wanapambana na uchache wa nakala: kampuni ndogo za santuri zilitoa chache tangu mwanzo. Uhaba wetu sisi wakusanyaji wa dansi la Tanzania una chanzo kingine. Nyimbo za dansi zilitengenezewa santuri Nairobi, zikasambaa, kisha zikapigwa baa na majumbani mpaka zikaisha. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, hivyo nakala iliyokwisha haikupata mbadala kirahisi.

Kuchakaa huko kuna kanuni. Santuri ya inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika, mwanzo hadi mwisho. Ukingoni, mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 40 kwa sekunde. Karibu na lebo, sentimita 25 tu. Sauti zilezile hubanwa mahali padogo, kona za mfereji huwa kali, na sindano butu huzikwangua.

Sasa tazama wimbo wa dansi unavyopangwa. Western Jazz, bendi aliyoianzisha Iddi Nhende wa Nzega, ilitamba kwa mtindo wa Saboso. Katika dansi, mwimbaji husimulia taratibu kwanza, kisha linakuja chemko: magitaa yanakaza mwendo, saksafoni zinaitikia. Sehemu tamu kuliko zote huangukia mwishoni, karibu na lebo, palepale santuri inapoumia zaidi.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie mwishoni. Kwanza osha: vumbi la huku hugeuka msasa chini ya sindano. Tumia maji safi yaliyochujwa, tone la sabuni ya maji na kitambaa laini, lebo ibaki kavu. Kisha weka sindano kwenye theluthi ya mwisho na usikilize saksafoni na gitaa la juu. Zikikwaruza, mng'ao wa ukingoni usikudanganye. Wimbo ukigawanywa sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili, pima zote mbili, maana upande wa chemko ndio uliorudiwa usiku kucha. Mwisho, nakili namba iliyochongwa kati ya muziki na lebo; lebo ikibanduka, ndiyo itakayoitambulisha santuri.

Nakala nzuri ikipatikana, iingizwe kwenye kompyuta mara moja, kwa sindano mpya, kabla ya kuistarehea. Na bei ipangwe kwa dakika ya mwisho ya wimbo. Anayelipia ukingo unaong'aa amenunua utangulizi tu.