Jangili, Nyara na Malkia

Yako maneno yatajayo jambo tu, na yako yakatayo hukumu kabla shahidi hajasikizwa. Jangili ni neno la namna hii ya pili. Twalitumia katika magazeti, katika insha za wanafunzi na hata katika hadithi, pasipo kuuliza limehukumu nini. Nataka kulichungua hapa pamoja na maneno mawili yaliyo jirani yake, kwa kuwa naona Kiswahili chetu kimezoea kusimulia uwindaji haramu kwa namna iuondoayo umaskini katika simulizi lenyewe.

Tazama kwanza umbo. Msasi na mwindaji ni majina ya kazi. Yamo safu moja na mkulima na mvuvi. Jangili, wingi wake majangili, limekaa pamoja na jambazi na jizi. Mtu akitolewa safu ile na kutiwa safu hii hapotezi jina peke yake, bali hupoteza na swali la riziki: mkulima huulizwa amevuna nini, lakini nani amuulizaye jambazi kama amekula? Wala wasasi hawakuwa watu duni. Usukumani walikuwako Bayege, chama cha wawindaji wa tembo, wenye dawa zao, miiko yao na nyimbo zao za kujisifu. Kisha ikaja amri ya mwaka 1896, aliyoitoa gavana Mjerumani Hermann von Wissmann, na uwindaji ukawa jambo la leseni. Leseni hununuliwa. Asiyekuwa na fedha alibaki na upinde wake, na ustadi wake ukawa kosa.

Neno la pili ni nyara. Maana yake tuijuayo sote ni mali iliyotekwa vitani. Katika mahakama za Tanzania limewekwa mahali pa neno la Kiingereza lenye kutaja kumbukumbu za ushindi, kama vile pembe na vichwa ambavyo mwindaji tajiri hutundika ukutani mwake. Basi mwanakijiji akikutwa na nyama ya nyumbu, hushtakiwa kwa kupatikana na nyara za Serikali. (Serikali ilimteka nani, lugha haisemi.) Paja la nyumbu lililomo chunguni si kumbukumbu ya ushindi wa mtu yeyote. Ni kitoweo. Neno limehama ukutani kwa tajiri likaingia jikoni kwa maskini, wala halikubadili mavazi.

Yatupasa kwenda magharibi ya Serengeti, maana huko mambo haya yana uso. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1951. Vijiji vya Waikoma, Wanata, Wakuria na Wasukuma viko kando yake, na kila mwaka makundi ya nyumbu hupita karibu navyo. Mtego wa waya ni rahisi kupata, nao hufanya kazi usiku mwenyewe amelala. Nyama hukatwa vipande, hukaushwa ikawa kimoro. Sehemu huliwa, sehemu huuzwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 juu ya vijiji hivyo ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyokuwa na njia nyingine ya kupata fedha au kitoweo, ndivyo uwezekano wa kuingia katika uwindaji huo ulivyopungua. Hata hivyo waya ni ukatili: haumchagui mnyama, na wengine huoza humo pasipo kuliwa na mtu. Sina haja ya kumpamba mtegaji. Nasema tu kwamba ana sababu, na neno jangili halina mahali pa kuiweka.

Wako wajibuo upesi kwamba basi ujangili wote ni umaskini. Hao nao wanakosea. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,000 hivi hadi 43,000 hivi, na hakuna njaa ya kijiji iwezayo kuleta hasara hiyo. Meno ya tembo hayapikwi. Katika biashara ile maskini ni mtu wa kukodiwa: hupiga risasi au hubeba mzigo, na faida hupanda meli. Mwaka 2019 mahakama ya Dar es Salaam ilimhukumu Yang Fenglan, mfanyabiashara kutoka China, kifungo cha miaka 15 kwa biashara hiyo. Magazeti yalimwitaje? Malkia wa Meno ya Tembo. Tazama basi jinsi lugha ilivyogawa vyeo: mwenye fedha apewa taji, mwenye waya apewa jina la jambazi, na wote wawili huandikwa chini ya kichwa kimoja cha habari.

Sidai kwamba neno lifutwe. Liwaendee wanaolistahili, na malkia awe wa kwanza. Lakini mwandishi wa hadithi hana udhuru wa mwandishi wa habari, ambaye muda wake ni mfupi. Katika hadithi nyingi za wanafunzi nilizosoma, jangili hutokea kichakani akiwa tayari na bunduki, hana mke wala zizi, na askari humkamata ukurasa wa mwisho. Sijakutana bado na ile ielezayo kipande cha kimoro kiliuzwa kwa bei gani, na mbuzi wangapi walikuwamo zizini usiku ule mtu alipoondoka na waya wake.