Gari Linalofuata Bila Dereva

Baridi inapoanza kuuma Marekani, wastaafu wengi hufunga nyumba zao za kaskazini na kuteremka Arizona kwa magari-nyumba, yale mabasi yenye vitanda, jiko na choo ndani. Nyuma ya mengi utaona gari dogo likifuata kwa magurudumu yake yote manne, ndani hamna mtu, usukani ukijizungusha wenyewe kwenye kona. Naustahi sana ufundi huu. Dereva aliyeshika basi la tani kumi na zaidi hana namna ya kulihisi gari lile: tairi lake likipasuka, au breki zikishika na kuanza kuungua, huku mbele usukani haumwambii kitu. Usalama wake wote hutengenezwa magari yakiwa yamesimama.

Kwanza gari lenyewe liwe linavutika. Katika magari mengi ya otomatiki, pampu ya oili ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikizimwa huku magurudumu yanazunguka, vyuma vya ndani husagana vikavu. Mwenye busara hufungua kitabu cha gari kabla ya kufungua pochi. Honda CR-V ya 2014 inavutika. Ya 2015 ilikuja na giaboksi ya aina nyingine, na Honda haikuruhusu tena. Jeep Wrangler inapendwa kwa kuwa kile kisanduku kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kinaweza kuwekwa nyutro.

Mtazame anayeijua kazi. Akishaweka nyutro hiyo, anawasha injini, anaachia breki, anaingiza gia ya mbele, kisha rivasi. Gari lisiposogea hata kidogo, ndipo anaridhika. Anashuka, anaunga mikono miwili ya chuma inayoshikanisha gari na basi, anatia pini na klipu zake, halafu anazivuta moja moja kwa mkono, maana jicho hudanganyika. Minyororo anaipishanisha chini ya mikono hiyo, ili ikiachia idakwe kabla ya kuchimba lami. Ule waya mwembamba unaofunga breki za gari dogo likichomoka, anaufunga peke yake, mbali na minyororo. Mkewe amesimama nyuma akiitikia taa zinavyowaka: kushoto, kulia, breki.

Wapo wanaosema basi zito halihitaji msaada wa breki. Sikubaliani nao kabisa. Barabara ya Interstate 17 huanzia Flagstaff, kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ikashuka hadi Phoenix, kama mita 330. Kwenye mteremko kama ule, karibu tani mbili zisizo na breki zinakusukuma mgongoni. Kifaa kinachokanyaga pedali ya gari dogo dereva anapofunga breki si anasa. Nacho hupimwa: baada ya kilomita chache, fundi mzuri husimama na kusogeza kiganja karibu na kila rimu, akitafuta joto lisilo la kawaida.

Kurudi nyuma ndiyo haramu kuu. Magurudumu ya mbele ya gari dogo hujikunja, mikono ya chuma ikapinda. Kwa hiyo akijikuta kwenye kituo cha mafuta kisicho na upenyo wa kutokea, hajaribu hata hatua moja. Anashuka, anachomoa pini, magari yanatoka moja moja, na nje ya geti ukaguzi unaanza upya, tangu nyutro.