Dhahabu Kwenye Gunia la Viazi

Bwaise, mtaa wa Kampala, inajulikana kwa mafuriko. Mvua ikikolea, mtaro wa Nsooba hujaa na maji yakaingia majumbani. Ndiyo maana wengi huku hulima kwenye magunia, udongo ukae juu ya maji. Kwenye magunia matatu ya viazi vitamu, jirani yangu, fundi wa simu, hupiga picha za wadudu ambazo sijaona mfano wake.

Kamera yake ni simu ya kawaida. Mbele yake amebandika kilenzi alichokichomoa kwenye deki mbovu ya DVD. Kinakuza ajabu, lakini kina masharti: lazima simu imkaribie mdudu mno, na ukihema tu picha imeharibika. Kwa hiyo hutoka saa moja asubuhi, umande haujakauka na wadudu bado wamepoa, hawana nguvu ya kuruka. Mkono wa kushoto hushika kikonyo cha jani lisitikisike. Wa kulia huegemea gunia, kisha huisogeza simu taratibu kama anayetunga uzi kwenye sindano, mpaka jicho la mdudu litokee wazi. Kereng'ende akiruka, hamfukuzi. Hungoja palepale, kwa kuwa kereng'ende ana mazoea ya kurudi kwenye kijiti chake.

Anayemsumbua zaidi ni mbawakawa wa majani ya viazi, wa jamii ya Aspidimorpha. Ni mviringo kama kifungo cha shati, kichwa kimefichwa chini ya gamba, kingo zinapenyeza mwanga, na katikati ni dhahabu tupu. Dhahabu hiyo inaakisi kama kioo. Picha za mwanzo zilitoka na doa jeusi mgongoni: ilikuwa simu yenyewe. Akakata kipande cha kopo jeupe la majarini, akakitoboa, akaivisha simu. Mwanga ukatulia, doa likafifia. Siku moja nilisogea nitazame.

"Mzee, pita upande ule," akaniambia kwa sauti ya chini. "Shati lako linaonekana mgongoni kwake."

Dhahabu ile si rangi ya kupakwa. Inatokana na matabaka membamba ya gamba yenye unyevu. Mdudu akifa akakauka, hugeuka kahawia iliyochuja. Ukimtunza kwenye sanduku la makumbusho, umetunza gamba tu. Hivyo picha ya mdudu aliye hai, iliyopigwa kwa subira, ndiyo inayobaki na dhahabu yake, na kwangu kazi ya kijana huyu ni elimu kamili.

Wewe mwenye viazi uani, ukikuta majani yana matundu, usikimbilie dawa. Mara nyingi mbawakawa huyu hapunguzi mavuno. Kesho, kabla jua halijapanda, geuza jani polepole utazame.