Hundi Zilizorudishwa: Ujira na Uaminifu katika Playback, Riwaya ya Mwisho ya Raymond Chandler

Playback (1958) ni riwaya ya saba na ya mwisho kukamilishwa na Raymond Chandler katika mfululizo wa visa vya Philip Marlowe, mpelelezi binafsi wa Los Angeles. Mfululizo huo ulianza na The Big Sleep mwaka 1939. Wahakiki wengi wameihesabu Playback kuwa dhaifu kuliko zote. Husemwa kwamba msuko wake umelegea na kwamba hitimisho lake limepachikwa tu. Udhaifu huo aghalabu hufafanuliwa kwa maisha ya mtunzi: mkewe, Cissy, alifariki Desemba 1954, na baada ya hapo Chandler alizama katika ulevi na upweke hadi kifo chake mwaka 1959. Maelezo hayo ya kiwasifu si ya uongo, lakini yamewapa wahakiki kisingizio cha kutoisoma riwaya yenyewe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Playback ina uzi mmoja unaoishikilia tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho, nao ni swali la ujira: Marlowe anamfanyia kazi nani, na kwa fedha ya nani?

Swali hilo si dogo katika mkondo huu wa riwaya. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla amezoea mpelelezi ambaye mvuto wake umo katika kulifumbua fumbo. Mkondo alioandikia Chandler ulikomaa katika majarida ya bei rahisi ya Marekani, hususan Black Mask, ambamo hadithi yake ya kwanza ya upelelezi ilitoka mwaka 1933. Humo mpelelezi ni mtu wa kibarua. Katika The Big Sleep, Marlowe anataja bei yake bila haya: dola 25 kwa siku pamoja na gharama. Bei hiyo ndiyo inayomweka huru. Kwa kuwa anajua thamani ya siku yake ya kazi, anajua pia ni fedha ipi iliyozidi, na fedha iliyozidi humfanya ashuku kwamba kinachonunuliwa si kazi yake bali ni yeye mwenyewe.

Playback inaanza kwa kuuvuruga utaratibu huo. Mwanasheria Clyde Umney anamwamsha Marlowe kwa simu asubuhi na kumwagiza amfuate mwanamke atakayewasili Los Angeles kwa treni. Haelezwi kwa nini anafuatwa wala nani hasa anayetaka afuatwe. Umney mwenyewe anatumwa na mawakili wa Washington, nao wanatumwa na mtu mwingine. Mwanamke huyo, Betty Mayfield, anaelekea Esmeralda, mji wa pwani ambao Chandler aliuchora kwa kuutazama La Jolla alikokuwa akiishi. Huko yumo mikononi mwa Larry Mitchell, mwanamume anayeijua siri yake na anayemtishia kwayo. Haichukui muda kabla Marlowe hajaanza kumlinda yule aliyelipwa amfuate.

Hapa historia ya matini ina uzito kuliko wasifu wa mtunzi. Kabla ya kuwa riwaya, Playback ilikuwa mswada wa filamu ulioandikiwa kampuni ya Universal mnamo 1947 na 1948, na filamu hiyo haikutengenezwa. Katika mswada huo kisa kinatokea Vancouver, nchini Kanada, na Marlowe hayumo kabisa. Chandler alipokigeuza kuwa riwaya, alimwingiza mpelelezi wake katika hadithi iliyokwisha kuwa na wenyewe. Ulegevu unaolalamikiwa unatokana kwa sehemu kubwa na jambo hilo: Marlowe ni mgeni katika kisa chake mwenyewe. Chandler hakuificha kasoro hiyo. Aliifanya kuwa hali ya mhusika, mtu aliyekodiwa bila kuambiwa sababu, anayezunguka katika mji asioujua akimtafuta mtu wa kumwekea uaminifu.

Tukio la kiini linatokea usiku wa manane, pale Betty anapomfuata Marlowe na kumpa hundi za wasafiri zenye thamani ya dola 5,000. Anadai kwamba Mitchell amelala maiti kwenye roshani ya chumba chake cha hoteli, na anataka maiti hiyo iondolewe. Marlowe anazishika hundi hizo lakini hazifanyi kuwa zake. Baadaye zinarudi kwa mwenyewe. Anayeisoma Playback peke yake anaweza kuona hapa ungwana wa kawaida wa shujaa. Anayeusoma mfululizo mzima hawezi kuipita tarakimu hiyo. Katika The Long Goodbye (1953), Terry Lennox anamtumia Marlowe noti moja ya dola 5,000, na Marlowe anaikalia noti hiyo riwaya nzima bila kuitumia, hadi anapoirudisha katika sura ya mwisho, urafiki ukiwa umekufa. Kiasi ni kilekile. Lennox alikuwa rafiki aliyedhani kwamba deni la urafiki hulipika kwa noti. Betty ni mgeni anayedhani kwamba msaada haupatikani bila hundi. Marlowe anawajibu wote wawili kwa namna moja, ila kwa Betty jibu halina uchungu. Lina huruma, na labda uchovu pia.

Ukiifuata fedha hivyo, hata mambo yanayohesabiwa kuwa kasoro yanapata mahali pake. Maiti ya Mitchell haipatikani kamwe. Clark Brandon, tajiri wa Esmeralda mwenye historia ya kihalifu, ndiye aliyeiondoa, lakini ushahidi haupo na Marlowe hamfikishi mbele ya sheria. Siri ya Betty nayo ni kwamba alishitakiwa kwa kumuua mumewe. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani, jaji akaitengua hukumu hiyo. Baba wa marehemu, Henry Cumberland, ndiye mteja aliyejificha nyuma ya mawakili wote. Amezoea kuuona mji wake ukimtii, na anafika Esmeralda akitarajia utii uleule. Kapteni Alessandro wa polisi anamkatalia kwa adabu na kwa uthabiti. Baada ya polisi wala rushwa wa Bay City katika Farewell, My Lovely, Alessandro ni mabadiliko makubwa: kwa mara moja, mtu mwenye fedha anakutana na mlango usiofunguka, na aliyeufunga si Marlowe.

Si kila kitu kinachookolewa na usomaji huu. Maiti ambayo Marlowe anaikuta kwa macho yake ni ya Ceferino Chang, mfanyakazi wa usiku wa gereji ya hoteli, akiwa ananing'inia chooni kwenye kijumba chake cha kimaskini. Sura hiyo ina nguvu kuliko fumbo zima la Mitchell, lakini Chandler anaiacha ipite. Mazungumzo marefu ya mzee Henry Clarendon kuhusu Mungu na mateso, katika ukumbi wa hoteli, yameandikwa vizuri na hayasukumi kisa hata hatua moja. Mahusiano ya kimwili ya Marlowe na wanawake wawili katika siku chache hayaelekei tabia yake ya awali, ingawa yote mawili yanaishia kwenye kumbukumbu ya mwanamke mwingine.

Mwanamke huyo ni Linda Loring, binti wa milionea, ambaye katika The Long Goodbye alitaka waoane na Marlowe akakataa. Katika sura ya mwisho ya Playback anapiga simu kutoka Paris na kuomba tena. Wahakiki wana haki kulalamika kwamba hajaandaliwa: hayumo katika kisa, na msomaji asiyekijua kitabu kilichotangulia hatajua anatoka wapi. Lakini uzi wa fedha umemwandaa. Linda anajitolea kutuma tiketi ya ndege. Marlowe anakataa na kusisitiza kwamba tiketi ataituma yeye. Ni hundi za Betty kwa mara nyingine, safari hii zikikataliwa na mtu anayekubali kile zilichodhaniwa kununua. Kwamba Chandler hakuliona suala hilo kuwa limekwisha kunathibitishwa na sura nne alizoziacha za Poodle Springs, kitabu kilichomaliziwa na Robert B. Parker mwaka 1989: Marlowe aliyeoa anakataa kuishi kwa mali ya mkewe na anatoka kutafuta ofisi ya kupanga.

Linda akishakata simu, simu inalia tena. Ni Umney, mwajiri wa sura ya kwanza, anayedai haki yake kwa ukali. Marlowe anamjibu kwa tusi dogo la mzaha na kumkatia. Simu inaendelea kulia, naye haisikii tena vizuri.