Tabibu Aliyewaona Mbu

Mwaka 1793 homa ya manjano iliua watu wapatao 5,000 mjini Philadelphia, Marekani. Tabibu Benjamin Rush hakuukimbia mji. Alitibu, akaugua, akapona, na mwaka 1794 akatoa kitabu juu ya msiba ule. Fadhila ya kitabu hicho ni kwamba mwandishi hakuacha alichokiona: aliandika hata kuwa mbu walikuwa wengi kupita kawaida. Walakini lawama aliitupia kahawa iliyooza gatini, na wagonjwa akawatoa damu nyingi mno, akiamini anawaponya. Mwaka 1900, huko Kuba, ilithibitishwa kwamba mwenezi ni mbu. Msomaji, kisome kwa heshima na hadhari: shahidi mwaminifu aweza kuwa hakimu mbaya.